Mgeni Bila Mwenyeji

Mtoto wa kaka yangu ana miaka sita, na swali lake liliniuma kuliko njaa niliyokuwa nayo. Tulikuwa tumesimama mbele ya kaunta ya mgahawa mmoja wa kuku na chipsi, ghorofa ya chini ya jengo la maduka hapa Dar es Salaam, Jumamosi ya likizo ya Desemba 2024. Alinivuta mkono, akaninong'oneza: "Shangazi, kwani huyu dada tumemkosea nini?"

Nilikuwa na watoto watatu, wawili wangu na huyo. Filamu ilikuwa inaanza saa tisa na nusu alasiri. Tulifika mgahawani saa nane kamili, nikiamini kwamba chakula kinachoitwa cha haraka hakiwezi kutumaliza saa nzima na nusu. Nikaagiza kuku vipande nane, chipsi sahani nne na soda, nikalipa kwa Lipa Namba. Ujumbe wa malipo ukaingia kwenye simu yangu palepale. Kwenye mashine yao haukuingia. Dada wa kaunta, macho yakiwa kwenye skrini, akasema, "Haijasoma." Nikamwonyesha simu. "Haijasoma kwetu." Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Tukakaa pembeni. Vijana wa bodaboda wakawa wanaingia na helmeti zao na mabegi mgongoni. Kila mmoja anaonyesha simu, anakabidhiwa mfuko, anatoka. Niliwahesabu mpaka saba. Sisi tuliosimama pale kwa miguu yetu, pamoja na baba mmoja mwenye mtoto aliyelala begani, tulikuwa kama hatupo. Chakula chetu kilipokuja, chipsi zilikuwa zimepoa na kulegea, vipande vya kuku vilikuwa sita, na paja moja lilikuwa na damu kwenye mfupa. Nikalirudisha. "Msimamizi ametoka." Atarudi saa ngapi? "Sijui." Basi naomba unibadilishie hili paja tu, hili mtoto hawezi kulila. "Siwezi, mama. Mashine haikubali bila kadi yake."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu. Akasema kwa sauti ya chini, asisikike jikoni: "Niko peke yangu hapa tangu saa mbili asubuhi, mama. Mwenzangu hakuja."

Nilipanda ngazi kwenda kwenye sinema na hasira isiyojua pa kutua. Mgahawa wenyewe siutaji, maana ninachotaka kukisema hakihusu jina moja juu ya mlango mmoja. Nataka kuzungumzia sentensi moja ya yule dada, "mashine haikubali bila kadi yake", kwa sababu naona humo ndimo ugonjwa wote ulimolala.

Tuna maelezo mepesi tuliyoyazoea. Tunasema Watanzania hatujui huduma kwa wateja. Tunasema wenzetu wa nchi jirani wanatushinda, vijana wetu wana viburi, wapelekwe semina. Kila Oktoba inapofika Wiki ya Huduma kwa Wateja maofisi yanapambwa maputo, wakubwa wanakata keki, wafanyakazi wanavaa fulana zenye maneno mazuri mgongoni. Wiki inayofuata unarudi dirishani, unakuta mambo ni yaleyale.

Mimi maelezo hayo siyakubali. Ingia nyumba yoyote ya uswahilini watu wakiwa wamekaa kula. Kabla hujajieleza wewe ni nani na umefuata nini, utasikia "karibu", utaambiwa mama mkwe wako anakupenda, utasogezewa kigoda na maji ya kunawa, na mtoto atatumwa kuongeza sahani. Yule dada wa kaunta amekulia katika nyumba ya namna hiyo, au jirani yake. Hakuna semina itakayomfundisha kumpokea mtu kuliko mama yake alivyomfundisha. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: imekuwaje mtu anayejua kukaribisha, akivaa kofia na aproni ya kampuni, ashindwe hata kuinua macho?

Jibu langu ni kwamba pale kaunta yeye si mwenyeji. Mwenyeji ni mtu mwenye mamlaka, hata yawe madogo, juu ya kile kinachogawiwa. Anaweza kuongeza, kupunguza, kubadilisha, kusema "hiki usile, ngoja nikupe kile". Yule dada hana hata paja moja la kuku lililo chini ya uamuzi wake. Amepewa kazi ya kusimama mbele ya wageni ambao hana cha kuwapa. Na mtu ukimweka mahali hapo saa sita mfululizo, kitu cha kwanza atakachojifunza ni kutowatazama, kwa sababu kila uso anaoutazama unamdai kitu asichoweza kukitoa.

Hali hii ina historia. Mwaka 1948, huko San Bernardino, California, ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifunga mgahawa wao uliokuwa ukifanya vizuri, wakakaa miezi mitatu wakiupanga upya. Wakawaondoa wahudumu waliokuwa wakiwafuata wateja kwenye magari. Wakapunguza orodha ya vyakula kutoka karibu 25 hadi tisa. Sahani na vijiko vikatolewa, ikaja karatasi ya kufungia. Jiko likagawanywa kama kiwanda: huyu anachoma, huyu anapaka, huyu anafunga. Mkate wa nyama ukauzwa senti 15 za dola. Mwanzoni wateja walinung'unika, kisha wakafurika, na mpango ule ukaenea dunia nzima.

Mpango ule ulikuwa biashara ya wazi kati ya pande mbili. Mteja aliambiwa: tutakunyang'anya mhudumu, hutatandikiwa meza, hutabembelezwa, lakini utapata chakula cha moto, cha bei nafuu, ndani ya muda usiozidi wa kuwasha gari. Wamarekani wakapima, wakaona inalipa. Sisi tulipoletewa mpango huo tuliletewa nusu. Mhudumu hayupo, na haraka haipo. Bei nafuu nayo haipo, kwa sababu kuku hawa huku kwetu ni chakula cha sikukuu, cha wazazi waliojibana ili watoto wafurahi. Familia inavaa vizuri, inapanda daladala mbili, inafika pale kama inakwenda kwenye karamu. Inapokelewa na mfumo uliobuniwa kwa ajili ya dereva mwenye haraka.

Halafu juu ya nusu hiyo yamewekwa maagizo ya simu. Oda inayoingia kwa mtandao ina saa inayohesabu, na kuchelewa kwake kunaonekana na bosi kwenye ripoti. Mtu aliyesimama kaunta hana saa inayomhesabia. Uchovu wa yule baba mwenye mtoto begani haukuandikwa popote. Kwa hiyo jiko linamhudumia asiyekuwepo kwanza, na aliyepo anasubiri. Siwalaumu vijana wa bodaboda hata kidogo. Nao wanakimbizana na mkate wao juani. Lakini aliyeamua kwamba foleni zote mbili zihudumiwe na mikono ileile miwili alijua anachokifanya, na alijua nani atakayetukanwa kwa niaba yake.

Mfano mmoja unaojulikana na wengi unaonyesha jinsi mamlaka yalivyo mbali na kaunta. Hauhusu mgahawa ulionikosea mimi. Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyotoka ng'ambo vilichelewa melini. Kenya ni nchi ya viazi. Wakulima walikuwa navyo. Wananchi wakakasirika, wakauliza iweje mgahawa ukose chipsi na viazi viko sokoni. Kampuni ikaeleza kwamba viazi vyake lazima vipitie taratibu zake za ubora, kisha ikasema itatafuta wakulima wa ndani. Mimi kilichonigusa ni picha ya meneja wa tawi, mtu mzima mwenye jiko, wafanyakazi na wateja mlangoni, asiyeweza kutuma mtu akanunue gunia la viazi barabara ya pili. Mama ntilie angefanya hivyo kwa dakika kumi.

Wapo watakaoniambia hata kama hana mamlaka, tabasamu linamgharimu nini? Linamgharimu. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba kutabasamu kwa amri ni kazi kama kubeba mizigo ilivyo kazi, na inamchosha mtu mahali ambapo usingizi haufiki. Mimi tabasamu la amri silihitaji. Wala sihitaji ule msemo wa "mteja ni mfalme", ambao naamini umetuharibu pande zote. Umewafundisha baadhi yetu kumpigia kelele binti wa watu mbele ya foleni kwa sababu tumelipa elfu ishirini. Nilipoingia pale na watoto sikutaka ufalme. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika maneno hayo wote wawili wanatoka na faida. Cheo nilichokitaka ni hicho cha mgeni.

Sasa niingie sinema, maana huko ndiko nilikoyaona haya yote vizuri zaidi, gizani, na bisi mkononi.

Filamu ilikuwa Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins, inayoeleza jinsi baba yake Simba alivyopata kuwa mfalme. Inaanza kwa kumkumbuka James Earl Jones, mzee aliyempa Mufasa sauti yake tangu filamu ya kwanza ya The Lion King ya 1994, na aliyefariki Septemba mwaka huohuo wa 2024. Kisha Rafiki, yule nyani mzee, anamsimulia mjukuu wa Mufasa, Kiara, usiku wa radi na mvua, wazazi wakiwa mbali. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Mtoto anaogopa, mzee anamkalisha, anamtolea hadithi ndefu mpaka woga unamwisha. Kwa dakika ile ya kwanza tu nilijua nimefika kwa mwenyeji.

Mufasa katika filamu hii ni mtoto aliyepotea. Mafuriko yanamzoa, yanamtenga na baba na mama yake, yanamtupa katika nchi isiyo yake. Anayemkuta ni Taka, mtoto wa mfalme, yule tutakayekuja kumjua kwa jina la Scar. Watoto waliokuwa nyuma yetu walicheka kusikia jina hilo, na nani angewalaumu? Kwetu taka ni kitu cha kufagia. Lakini angalia kinachotendeka. Mfalme Obasi hataki mtu wa kuja katika ukoo wake. Anaweka mashindano ya mbio baina ya watoto wale wawili, na hatima ya mgeni inategemea kushinda. Taka anajiachia makusudi ili mgeni ashinde, abaki, yeye apate ndugu. Aliyepewa jina la uchafu ndiye wa kwanza kusema karibu.

Obasi analazimika kukubali, ila kwa shingo upande: mgeni atakaa upande wa majike, asijichanganye na madume. Huko anapokelewa na Eshe, mama yake Taka, naye anamfundisha kunusa kilicho mbali na kusikiliza ardhi. Elimu hiyo ya majike ndiyo inayomfanya Mufasa awe Mufasa, na ndiyo inayomwokoa Eshe mwenyewe simba weupe wanapomvamia. Mwenyeji apone. Sijui kama walioiandika filamu hii waliwahi kuisikia methali yetu, lakini wameitafsiri kwa saa mbili.

Nilimfikiria Eshe muda mrefu. Neno la mwisho pale ni la mume wake, na amri imeshatoka. Lakini ndani ya eneo dogo aliloachiwa yeye ana uamuzi kamili: nani akae karibu yake, nani afundishwe, nani alindwe. Eneo dogo kama hilo linatosha. Kama yule dada wa kaunta angeachiwa eneo la ukubwa wa paja moja la kuku, nadhani mtoto wa kaka yangu asingeuliza lile swali.

Filamu ina kasoro zake. Nyimbo hazikai kichwani kama zile za 1994. Watoto wangu walitoka bila kuimba hata mmoja. Nyuso za wanyama zimechorwa kama wanyama wa kweli, na kuna mahali huzuni inasemwa na sauti huku uso umenyamaza. Kuelekea mwisho inakazana kueleza kila kitu, fimbo ya Rafiki ilitoka wapi, kovu la Scar lilitoka wapi, hata mambo ambayo mtoto angefurahi kuyabuni mwenyewe. Lakini ni filamu safi. Hakuna tusi, hakuna jambo la kukufanya uzibe macho ya mtoto, na hakuna mzaha mchafu uliopenyezwa juu ya vichwa vya wadogo. Inamchukulia mtoto kuwa mtu anayeweza kuelewa wivu, woga na usaliti akielezwa kwa heshima. Heshima hiyo kwa mtoto ndiyo niliyoikosa ghorofa ya chini.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili kuna ladha ya ziada. Safari nzima ni ya kutafuta nchi inayoitwa Milele. Mtoto wa kaka yangu alikaa kimya, akatafakari, akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Shangazi, milele ni wapi?" Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja akamjibu kabla yangu: "Ni kwao Mufasa, ila hajawahi kufika." Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Mengine yote nilimnong'oneza mimi, maana filamu ilikuwa ya Kiingereza na haikuwa na maandishi ya Kiswahili. Hapo niliwakumbuka wasimulizi wa vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyeshea video. Waliokulia huko wanamjua Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika, akieleza, akionya, akitia chumvi yake. Wasomi wengine walimdharau. Mimi naona alikuwa anafanya kazi ya mwenyeji: anakuchukua mlangoni, anakukalisha ndani ya hadithi ya watu wengine, anahakikisha hubaki nje. Majengo yetu mapya ya sinema yana viti laini na kiyoyozi, na mtoto asiyejua Kiingereza bado anabaki nje. Filamu yenye majina ya Simba, Rafiki, Sarabi na Milele haikosi sababu ya kusikika kwa Kiswahili hapa Dar es Salaam.

Turudi kwenye chakula. Mtaani kwetu, Sinza, kuna kijana mwenye kibanda cha chipsi, karai moja, jiko la mkaa, kabati la kioo lenye mayai na mishikaki. Chipsi zege lake, yaani chipsi zilizokaangwa na mayai, ni chakula cha haraka kwa maana zote. Juzi nilifika umeme umekatika na mafuta hayajachemka. Alinitazama nikiwa bado ng'ambo ya barabara. "Shangazi, leo utanisubiri kidogo, mkaa ulikuwa mbichi. Kaa hapo. Mtoto mpe huu mshikaki aanze nao." Nilisubiri dakika ishirini na tano na sikuona kuwa nimesubiri. Mshikaki hakunidai. Alipofanya hesabu kichwani aliona kwamba mshikaki mmoja ni gharama ndogo kuliko mteja wa kila Ijumaa, na hakuna mashine iliyomzuia kuona hivyo. Simpambi. Kibanda kile hakina choo, na maji ya kuoshea sahani yana walakini. Lakini kama kampuni kubwa zinataka kujua siri ya huduma, zisipeleke wafanyakazi hotelini kusikiliza mada. Ziwaache wasimame na huyu kijana jioni mbili.

Ninachodai hakihitaji mtaji. Mtu wa kaunta apewe ruhusa ya kubadilisha chakula kibovu na kurudisha pesa hadi kiasi fulani bila kadi ya mtu mwingine. Oda za mtandao zihudumiwe na mikono mingine. Mtu asiachwe peke yake saa sita, na awe na kiti. Sijawahi kuelewa kwa nini keshia lazima asimame. Malipo ya simu yakigoma kusoma, mwenye ujumbe wa malipo aaminiwe, hesabu zifanywe jioni, kwa sababu mtandao ukileta matatizo hakuna haki ya kumfanya mama mwenye watoto ndiye dhamana.

Na sisi wateja tujue tuna haki ya kusikilizwa. Tarehe 15 Machi, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, inatokana na hotuba ya Rais John Kennedy ya mwaka 1962, na katika haki nne alizozitaja, kusikilizwa ni mojawapo. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Siku ile mimi sikulalamika popote zaidi ya kaunta. Niliona nikimwandikia barua msimamizi, adhabu itamshukia yule binti. Hilo nalo ni tatizo: njia ya malalamiko tuliyowekewa inaishia kwa mtu mnyonge kuliko wote.

Tulitoka sinema saa kumi na mbili kasoro, watoto wakigombea nani awe Mufasa na nani awe Zazu. Hakuna aliyetaka kuwa Taka. Tulishuka kwa ngazi za nyuma, zinazotokea kwenye maegesho ya magari, na pale kwenye ngazi ya mwisho alikuwa amekaa yule dada. Kofia ya kampuni ilikuwa juu ya goti. Mkononi alikuwa na kontena la plastiki alilolitoa nyumbani, wali na maharage, na kipande cha dagaa wa kukaanga pembeni. Alitutambua. Nilidhani atainama.

Akainua uso, akasogeza kontena lake kuelekea kwa mtoto wa kaka yangu. "Karibuni tule," akasema.

"Asante dada, sisi tumeshiba," mtoto akajibu, ingawa nilijua ana njaa.